Muulize Mpigaji: Dumbaki ya umeme, ninunue ipi?

Mwezi uliopita liliniponyoka neno kwamba siku hizi nikialikwa harusi ya shamba nabeba ngoma ya umeme ndani ya begi la shule la mjukuu wangu. Tangu hapo sijapumua. Wapo waliouliza nimeinunua wapi, wapo waliouliza kama nimezeeka, na yuko mmoja aliyenitaka nirudishe heshima ya taarabu niliyoichukua. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna majibu ya watu wengi. Zilizobaki nimezipitia mbiombio, mniwie radhi.

SWALI: Shikamoo Mzee. Niko Kisauni, Mombasa. Sisi ni kundi la wanawake sita, tunapiga chakacha na taarabu kwenye harusi na shughuli za kina mama. Mimi ndiye wa dumbaki, ile ngoma ya kiuno chembamba, na bongo, zile mbili ndogo zilizoungana. Masika yakiingia ngozi inalegea hadi naikanza juu ya jiko shughuli ikiendelea. Halafu mwenzangu wa kinanda akishafungua sauti, mimi sisikiki tena. Nikiwekewa maikrofoni inapiga yowe. Nimechanga shilingi 70,000 za Kenya ninunue ngoma ya umeme. Muuzaji ameniambia nichukue zile pedi nane za kupiga kwa vijiti, eti ukiviweka vijiti chini ukapiga kwa mkono ni mamoja. Ni kweli? Na kama si kweli, nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na muuzaji naye huvutia kwenye kile kilichokaa rafuni tangu mwaka juzi. Si mamoja hata kidogo.

Itazame mikono yako ukipiga ule mdundo wa taarabu, wahed unus, polepole. Dum, lile pigo zito, inatoka katikati ya ngozi, vidole vimelala pamoja. Tak, lile pigo kali, inatoka ukingoni, kwa ncha. Katikati yake mna vile vipigo vidogo vya kidole cha pete cha kushoto, ambavyo ukumbini hakuna anayevisikia, lakini siku vikikosekana kina mama wanaketi mmoja mmoja na wala hawajui kwa nini wamechoka mapema. Sasa pedi ya vijiti ni mpira mgumu, na chini ya mpira kuna kisahani chembamba kinachohisi mtikisiko. Mafundi wanakiita piezo. Kijiti ni mti, kikishuka hata kidogo kinatikisa. Kidole ni nyama. Dum yako itatoka. Tak itatoka ukiipiga kwa hasira. Vile vidogo vyote vinapotea. Utasema, basi niongeze usikivu wa pedi. Utaongeza, na ukigonga moja, jirani yake naye ataitikia bila kuitwa.

Haya nimeyapitia. Nilizipiga pedi za namna hiyo usiku kucha kwenye harusi Fuoni, za kuazima, kwa mkono mtupu. Asubuhi yake nilishindwa kumenya chungwa.

Kwa haki, ziko pedi za vijiti ambazo watengenezaji waliukumbuka mkono. DTX-Multi 12 ya Yamaha ina pedi 12 na ndani yake mna mahali pa kuchagua unapiga kwa nini: kijiti, mkono au kidole. Ukiikuta mtumba, bei nzuri, usiidharau. Ila imepangwa mistari mistari kama vigae, na mkono wa mpiga dumbaki umelelewa kwenye duara.

Kabla sijafika kwenye zile nizipendazo, nikuulize kitu. Masika ndiyo yanayokuudhi zaidi, au yowe la maikrofoni? Maana kama ni masika peke yake, dawa yake ni rahisi: nunua dabuka ya Kimisri, ndugu yake dumbaki, ya alumini yenye utando wa plastiki. Mvua inyeshe, isinyeshe, haijali, na fedha nyingi itabaki. Wengi wanakimbilia umeme kwa tatizo ambalo plastiki ingelimaliza. Lakini umesema yowe, na umesema kinanda kinakumeza. Maikrofoni iliyoelekezwa kwenye ngoma inasikia ngoma, inasikia na spika iliyo nyuma yako, sauti inazunguka hapo hapo, ndilo hilo yowe. Ngoma ya umeme haina maikrofoni. Waya unatoka kwenye ngoma unaingia kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, fundi anapandisha atakavyo. Kwa hilo una haki ya kutoa fedha.

Ngoma za umeme zilizoundwa kwa ajili ya mkono si nyingi duniani, na utakazokutana nazo huku kwetu ni mbili: HandSonic ya Roland na Wavedrum ya Korg.

HandSonic ni duara la inchi 10, kiasi cha sahani ya pilau ya mtu mmoja mwenye njaa. Ya kwanza, HPD-15, ilitoka mwaka 2000 na pedi 15 na sauti 600. Iliyokuja 2013, HPD-20, ina pedi 13: tano kubwa ambazo vidole vyote vinaenea, na nane ndogo za pembeni. Sauti zake ni 850, na usizihesabu, utatumia sita. Mna dabuka, konga, bongo, tabla ya Kihindi, mna na jembe, lile la Afrika Magharibi, si la kulimia. Inapotofautiana na pedi za vijiti ni kwamba inahisi mgandamizo pamoja na pigo. Ukilaza kiganja cha kushoto ukakandamiza, unaweza kuiziba sauti au kuipandisha, kama unavyofanya juu ya ngozi.

Lakini kilichonitoa fedha mfukoni ni kingine. HPD-20 inapokea sauti zako mwenyewe kupitia flashi, mradi ziwe faili za WAV. Dumbaki yangu ya udongo nina miaka nayo. Januari moja, kaskazi imekausha kila kitu na ngozi imekaza hadi inalia kama kengele, niliegemeza godoro dirishani kuzuia honi za daladala, nikaweka kinasa sauti hatua mbili mbele yangu, nikapiga dum kumi, tak kumi, na vile vidogo kwa ukucha na bila ukucha. Mjukuu alisimama mlangoni kuzuia kuku. Pigo dogo nikaliweka pedi yake, pigo kubwa pedi yake, nisiiachie mashine inikisie nguvu. Ukisikiliza sana tak ya nne, kuna jogoo kwa mbali. Nimemwacha. Sasa Aprili, mvua imeanza alfajiri na mkeka umelowa, mimi napiga dumbaki ya Januari.

Wavedrum ni mnyama mwingine. La kwanza lilitoka 1994. Haya tunayoyaona sasa ni ya kizazi kilichofuata, WD-X na ndugu zake. Juu lina utando hasa wa ngoma, inchi 10, unaukaza kwa ufunguo, na ukingo unaopigika. Sensa zake hazingoji kugongwa tu. Zinausikiliza utando ulivyotetemeka, na sauti inajengwa juu ya mtetemo huo huo. Ukikwaruza kwa kucha, linakwaruza. Ukipitisha kiganja kikavu, unakisikia kiganja. Mara ya kwanza nilipoligusa sikusema kitu kwa dakika nzima, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo. Liko toleo linaitwa Oriental, limejaa sauti za Mashariki, dabuka na jamaa zake.

Walakini wake: Wavedrum ni ngoma moja kwa wakati mmoja. Utando una sauti yake, ukingo una yake, basi. Huwezi kuweka dumbaki kulia, bongo kushoto, na kengele chini ya kidole gumba. Halipokei sauti ulizorekodi mwenyewe. WD-X halina hata njia ya Midi, kama una nia ya kuliunganisha na kompyuta. Na halili betri. Anayekula betri ni mdogo wake, Wavedrum Mini, ambaye ana spika yake tumboni na kibanio cha waya unachoweza kukibana kwenye meza au sinia, na sinia likawa ngoma ya pili. Mchezo mzuri huo kwa kina mama, lakini kwa kazi ya ukumbi ni mdogo.

Mimi ningekuwa wewe ningetafuta HandSonic HPD-20 ya mtumba iliyotunzwa. Mpya hutaifikia kwa akiba hiyo. Sababu ni kwamba umeniambia unapiga dumbaki na bongo, na kundi ni la watu sita, yaani kila mkono unafanya kazi mbili. Ungekuwa mpiga dumbaki tupu, kwenye kundi lenye watu wa kutosha, ningekwambia Wavedrum na nisingeuliza bei. Na jipe wiki tatu kabla ya kupanda nayo jukwaani. Kwenye ngozi sauti inabadilika kila unaposogea nusu kidole. Kwenye HandSonic ndani ya pedi moja ni sauti ile ile popote ugusapo, kwa hiyo mkono unajifunza ramani upya, na wiki ya kwanza utaichukia.

Ukienda kuiangalia, nenda na hedifoni zako, za waya. Usikubali kusikilizishwa kwa spika ya dukani, hiyo inasitiri aibu. Anza na wahed unus kwa sauti ya chini kabisa, ya kumlaza mtoto, usikilize vile vidogo kama vipo. Kisha piga rasha la vidole, ta-ta-ta-ta bila kupumua, usikie kama kila kidole kimetoka au mashine imemeza wawili watatu. Kisha pedi moja moja, mapigo kumi ya nguvu sawa. Pedi ya mtumba hufa mahali pale mwenyewe alipopapenda, na aghalabu ni ile kubwa unayoifikia kwa urahisi. Ikiwa wenzake wanaimba na yenyewe inanong'ona, rudisha fedha kibindoni. Geuza vitufe vyote. Mwisho tingisha tundu la waya huku sauti inatoka. Likikatakata, ni la kuuguza.

Halafu adapta, na hapa nitakawia kidogo kwa kuwa limenichoma mwenyewe. HandSonic yangu ya kwanza ilishuka na kontena kutoka Japani pamoja na mafriji na baiskeli. Adapta yake ilikuwa na miguu miwili bapa. Nikaivisha kichwa cha kubadilishia, nikachomeka ukutani, nikasubiri taa iwake. Ikanuka kama mtu anayechoma kitana. Nyuma yake, kwa maandishi ya kusomwa na siafu, paliandikwa volti 100. Umeme wa Japani ni volti 100; wetu huku ni wa 230 na zaidi. Bahati adapta ilikufa peke yake, haikwenda na ngoma. Fundi wa redio wa Mlandege aliyenipa nyingine alinifundisha pia kusoma kile kimchoro cha duara chenye alama ya chanya na hasi. Adapta nyingi za Roland za volti 9 zina hasi katikati. Za vinanda vidogo na ngoma ndogo za Yamaha nyingi ni volti 12, na chanya ndiyo iliyo katikati. Kwa hiyo ukisahau yako nyumbani, usiazime ya mwenzio wa kinanda kwa vile tu tundu limeingia. Tundu huingia lolote.

Usimalize 70,000 zote kwenye ngoma. Dumbaki ya ngozi unaisikia kwa mapaja. Hata kelele ziwe vipi, mwili unajua umepiga nini. Ya umeme ni bubu mpaka iwe na spika, na spika za ukumbini zinawatazama wageni, zinakupa kisogo wewe. Siku ya kwanza nilipiga nyimbo mbili nzima bila kujisikia, nikadhani nimekatika, kumbe nje wanafunga masikio. Weka fedha ya spika ndogo ya kujisikiliza, uiweke karibu na goti. Weka na ya stendi imara, kwa sababu meza ya plastiki ya kukodi inacheza, na ikicheza pedi nazo zinasikia mchezo huo.

Dumbaki ya ngozi usiiuze. Waulize watu wa Unguja kuhusu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu. Harusi hazikusimama. HandSonic yangu ililala chini ya kitanda muda wote huo, na ngozi ilifanya kazi hadi nikaiwamba upya mara mbili.

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Napiga konga kanisani Mwanza. Nimenunua ngoma ya umeme, nzuri, sauti safi. Tatizo inachelewa! Napiga, inalia baadaye, kwaya wanachanganyikiwa. Nimeiunganisha na subufa ya kanisa kwa Bluetooth. Nimeirudisha dukani, wamenipa nyingine, na hiyo nayo inachelewa. Nifanye nini?

JIBU: Kaka, wale wa dukani waombe radhi, na ngoma ya kwanza uiombe radhi pia. Mwenye kosa ni hiyo Bluetooth. Ili sauti isafiri bila waya inabanwa kwanza, inarushwa, kisha inafunguliwa upande wa pili, na safari hiyo inaweza kula hadi robo ya sekunde. Kwa kusikiliza muziki haina neno, wimbo wote unachelewa pamoja. Kwa kupiga ni balaa. Sauti hewani inakwenda mita 340 na ushei kwa sekunde, kwa hiyo robo ya sekunde ni sawa na wewe uko goli moja la uwanja wa mpira na konga zako ziko karibu na goli la pili. Nani ataimba hapo?

Nunua waya wa jeki kubwa wa kutoka ngoma hadi mikisa. Subufa nayo iachie nyimbo za simu. Haikuumbwa kupokea pigo la mkono na koni yake itachanika kabla ya Pasaka. Mashine yenyewe pia ina uchelewaji wake mdogo, lakini ukiwa chini ya milisekunde 10 ni kama umesimama mita tatu kutoka kwenye ngoma, na hakuna mwanakwaya atakayeujua.

SWALI: Mimi ni mama wa kijana wa miaka 13, tunaishi ghorofani Dodoma. Anapiga kila kitu: meza, mlango, ndoo, hata kichwa cha mdogo wake. Majirani wa chini wameshakuja mara mbili. Nataka kumnunulia kitu cha kupiga kimya kimya, asiache, kwa sababu naona ana kipaji. Sitaki cha gharama kubwa akija kuacha.

JIBU: Dada, kipaji anacho, mpe pole mdogo wake.

Mtafutie Yamaha DD-75. Ni kijisanduku cha mezani chenye pedi nane, spika ndani, tundu la hedifoni, kinakula umeme na betri, na mna kitufe cha kuzigeuza pedi zipigwe kwa mkono badala ya vijiti. Kwa mtu wa kazi nisingeipendekeza, vidole vidogo vidogo haivisikii vizuri, lakini kwa miaka 13 ni mlango wa kutosha. Ina pedali mbili za miguu. Hizo ndizo zitakazomleta jirani mara ya tatu, kwa kuwa hedifoni inaziba sauti ya spika ila mguu unaogonga sakafu unasikika chini vile vile. Mtandikie blanketi zito lililokunjwa mara nne, au pedali uzifiche kwenye kabati mwaka mmoja, ujifanye hukuziona.

Na kikomo cha sauti ya hedifoni umwekee wewe, si yeye. Watoto wa ngoma hupandisha tu.

SWALI: Assalaam alaykum ndugu yangu. Nimezaliwa Unguja, Malindi, na makazi yangu ni Muscat. Kila Ijumaa usiku tunakutana sebuleni kwangu wazee watano tunapiga zile za zamani: udi, fidla, kanuni, rika (tari dogo), na mimi dumbaki. Nimewaambia nataka kununua Wavedrum Oriental. Mwenzetu wa udi amesema siku itakapoingia mashine mlango huu, yeye anatoka kwa ule. Nimjibu nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwambie akae, na wewe usinunue.

Nakuona umeshtuka. Lakini tazama: watu watano, sebule, udi usio na umeme. Ukiweka Wavedrum lazima uweke spika, ukiweka spika udi utataka maikrofoni, kanuni nayo itataka, na kufikia Ramadhani sebule yako ni studio na chai inapoa. Ngozi yako nadhani inakaza mno chini ya kiyoyozi, ndiyo maana ukaanza kufikiria haya. Huko Muscat sokoni zimejaa dabuka za Kimisri zenye utando wa plastiki. Chukua hiyo.

Ila huyo wa udi usimwachie maneno yote ya heshima, kwa sababu mimi naijua mashine iliyotutoa kazini, na si hii. Miaka ya tisini, taarabu ya kisasa ilipoanza kujaza kumbi, mpiga kinanda alibonyeza kitufe kimoja tu na ngoma ikapiga yenyewe, raundi ile ile kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, haichoki, haikosei, haimtazami bi harusi. Wapiga dumbaki tulirudishwa nyumbani mmoja mmoja, na hakuna aliyeandika barua kutulilia. Mimi nilikaa miaka minne nauza vipuri vya baiskeli. Kwa hiyo nilipokutana na HandSonic mara ya kwanza, nikaiwasha, nikaitazama, nayo ikakaa kimya inaningoja mimi, nilicheka peke yangu. Ukiitoa mikono hapo juu haisemi neno. Mashine ya namna hiyo sina ugomvi nayo. Na fidla nayo kwani ilizaliwa Malindi?

Mambo ya kuitafuta Wavedrum uyaweke mpaka siku mtakapoalikwa ukumbini. Siku hiyo niandikie tena, na huyo wa udi atakuwa wa kwanza kuuliza waya uko wapi.

Ukija likizo niletee utando mmoja wa plastiki, wa sentimita 22. Wangu mjukuu ameukalia.